Jirani Anapokuwa Kero: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Kelele Hadi Vitisho

Mwaka 1893 mahakama moja ya London ilisikiliza kesi ya majirani walioishi nyumba zilizoshikana ukuta. Upande mmoja ilikaa familia ya Christie, nyumba iliyojaa muziki: mama na binti walifundisha muziki, na kijana wao alipiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, mpaka usiku. Upande wa pili alikaa Davey, mchongaji wa mbao, aliyechoshwa na muziki huo. Akaandika barua ya kulalamika. Hakuona nafuu. Basi ikawa wanafunzi wakianza kupiga, naye anaanza: anagonga masinia, anapiga ukuta, anapiga mluzi, anapayuka kuwaigiza waimbaji. Akina Christie wakamshtaki, wakashinda. Jaji aliona kwamba kufundisha muziki nyumbani ni matumizi halali ya nyumba, lakini masinia ya Davey yaligongwa ili kukera tu, na akasema kwamba kama pande zote mbili zingekuwa hazina nia mbaya, angeliangalia shauri hilo kwa jicho tofauti kabisa.

Kwa hiyo aliyeanza akiwa mlalamikaji ndiye aliyetoka mahakamani akiwa amepigwa marufuku.

Ugomvi mwingi wa majirani hufuata njia hiyohiyo. Kero ya kwanza huwa ndogo, na baada ya miezi sita hakuna anayeikumbuka sawasawa. Kinachobaki mezani, mbele ya mwenye nyumba, polisi au hakimu, ni namna kila upande ulivyojibu. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufikiria mtu mmoja: mgeni asiyekujua wewe wala jirani yako, atakayekuja kusoma mlolongo mzima siku moja na kuamua nani alikuwa na akili timamu.

Hatua ya 1: Tenganisha kero, ukaidi na hatari

Kero ni pale jirani hajui anakusumbua, au anajua kidogo na hajalitilia maanani. Ukaidi ni pale ameshaambiwa vizuri, akaelewa, na bado anaendelea au anazidisha. Hatari ni vitisho, silaha, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, kuumiziwa mnyama, kuvamiwa mlangoni. Ukiwa kwenye hatari, achana na hatua za mazungumzo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vitisho huko chini.

Na kama unachosikia ukutani ni mtu anapigwa, au mtoto anaumizwa, huo si ugomvi wa majirani hata kidogo. Piga simu ya dharura ya nchi yako. Usiende kugonga peke yako. Andika saa na maneno uliyosikia, basi.

Wengi wanaochemka mapema huwa wameichukulia kero kama ukaidi. Chukua mbwa anayebweka kutwa. Anabweka kwa sababu ameachwa peke yake. Mwenyewe akirudi jioni, mbwa ananyamaza na kutikisa mkia. Mwenye mbwa hajawahi kuisikia hiyo kelele maishani mwake. Au kiti kinachokokotwa ghorofa ya juu: anayekikokota husikia mkwaruzo mdogo, wa chini husikia kama samani zinahamishwa saa sita usiku, kwa sababu mtikisiko unapita kwenye zege na kuibukia darini kwake. Ukienda kwa watu kama hao ukiwa umeshaamua kwamba wanafanya makusudi, utazungumza nao kama maadui, nao watakukubalia uadui huo.

Swali la kujiuliza kabla hujavaa viatu: kuna ushahidi gani kwamba anajua? Kama jibu ni "lazima atakuwa anajua tu", basi bado ni kero.

Hatua ya 2: Ijue kero yenyewe kabla ya kumjua mkosaji

Hapa ndipo watu huruka, wakati ni nusu ya kazi.

Anza na kelele, maana ndiyo inayoongoza. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho hakipandi kwa kawaida: ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara 10, ingawa sikio hulisikia kama sauti iliyoongezeka maradufu hivi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, ambacho ni kiwango cha chini sana, karibu na mnong'ono. Kwa hiyo usijione mlalamishi kwa kukosa usingizi kwa sauti ambayo mchana isingekushughulisha.

Sauti nyembamba, kama za waimbaji na mazungumzo, huzuiwa na ukuta kwa kiasi kizuri. Besi haizuiliki kirahisi. Inatikisa ukuta wenyewe. Ndiyo maana unaweza kusikia dunda-dunda usiku kucha bila kutambua ni wimbo gani. Hili lina faida kwako: huhitaji kumwomba jirani azime muziki. Mwombe apunguze besi peke yake, asogeze spika isiegemee ukuta mnaochangia, na aiweke juu ya mkeka mzito wa mpira badala ya sakafu tupu. Ombi la namna hiyo linakubalika kwa sababu halimnyang'anyi raha yake. Mashine ya kufulia nayo hutulizwa kwa mpira huohuo chini ya miguu yake, na kwa kusawazishwa isiyumbe.

Programu za kupima sauti kwenye simu zinafaa kulinganisha usiku mmoja na mwingine. Usizitegemee kama ushahidi, kwa sababu maikrofoni ya simu haikuhakikiwa na yeyote kwa kazi hiyo.

Kwenye mti na mpaka, ijue sheria kabla ya kushika panga. Watu husema kwa uhakika "tawi likiingia kwangu ni langu". Uingereza unaruhusiwa kukata matawi yanayovuka mpaka, lakini yaliyokatwa yanabaki mali ya mwenye mti. Ufaransa huruhusiwi kuyakata mwenyewe. Unamdai jirani ayakate, ingawa mizizi unaweza kuikata mpakani, na matunda yaliyoanguka yenyewe ni yako. Ujerumani unatakiwa kwanza umpe jirani muda wa kutosha wa kuyakata, na lazima matawi yawe yanakuzuia kutumia ardhi yako. Nchi tatu, majibu matatu. Ya kwako inaweza kuwa na la nne.

Mpaka wenyewe usiuamue kwa kukumbushana wazee walisema nini. Tafuta hati, tafuta ramani ya upimaji, na kama bado hamwelewani, mwite mpima ardhi mwenye leseni, ikiwezekana kwa gharama ya pamoja ili asije akaitwa mtu wa upande mmoja. Bikoni, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini, usiiguse, hata kama una hakika imekaa pabaya. Nchi nyingi zinahesabu kuihamisha kuwa kosa la jinai, na hapo kesi ya mpaka inageuka kuwa kesi yako.

Halafu kuna ile hoja ya "mimi nilikuwa hapa kabla yako". Haina nguvu watu wanayodhani. Mwaka 1879, hukohuko Uingereza, mtengeneza peremende aliyetwanga kwa vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20 alishindwa kesi na daktari aliyejenga chumba cha kuonea wagonjwa karibu na vinu hivyo baadaye. Iwe ni wewe uliyetangulia au ni yeye, usiifanye hoja hiyo kuwa nguzo yako.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la kawaida, au faili kwenye simu. Kila tukio lina mstari wake: tarehe, lilipoanza, lilipoisha, ulikuwa chumba gani, ulisikia au kuona nini, lilikuzuia nini, na nani mwingine alikuwepo. Mstari mzuri unasomeka hivi:

*Jumanne tarehe 4, saa 5:20 usiku hadi saa 8:05. Besi ya muziki kutoka upande wa kushoto. Nikiwa chumba cha kulala, mlango na dirisha vimefungwa. Glasi ya maji kwenye meza ya kitandani ilikuwa ikitetemeka. Mtoto aliamka mara mbili. Mpangaji wa chini pia alisikia.*

Mstari mbaya unasomeka hivi: *Leo tena huyu mshenzi ameanza mambo yake.* Huo ukisomwa na mtu wa tatu, anakufahamu wewe zaidi kuliko anavyomfahamu jirani.

Andika siku za utulivu pia. Daftari lenye usiku tulivu ndani yake linaaminika. Lenye matusi mfululizo linatiliwa shaka. Tena mara nyingine daftari lenyewe linakutuliza: uliyedhani anapiga kelele kila siku unakuta ni Ijumaa na Jumamosi tu. Hapo una jambo mahususi la kuomba.

Picha za maji yanayovuja, ufa, takataka au gari lililozuia njia ni ushahidi mzuri, mradi umepigia kwako. Kuhusu kamera za ulinzi, zielekeze mlango na uwanja wako. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba kamera ya nyumbani inayonasa pia barabara ya umma haiwezi kujificha nyuma ya kisingizio cha matumizi ya kifamilia. Inabanwa na sheria za taarifa binafsi. Na kumrekodi mtu anavyoongea bila ridhaa yake ni kosa la jinai katika nchi kama Ujerumani. Ulizia kwenu kabla hujabonyeza.

Hatua ya 4: Nenda mlangoni

Uende lini? Si wakati kero inaendelea na wewe unatetemeka kwa hasira, na si alfajiri ya siku inayofuata ili "naye aone". Nenda kesho yake jioni, akiwa ameshapumzika, na wewe umeshakula. Nenda peke yako. Ukienda na mume, shemeji na mpangaji wa chini, hujaenda kuzungumza, umeenda na baraza. Lakini kama ni mtu anayekutia wasiwasi, usijilazimishe. Anzia hatua ya 5.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Habari za jioni, jirani. Samahani kwa kukusumbua, mimi ni wa mlango wa pili. Kuna jambo dogo nataka tulitazame pamoja. Besi ya muziki wako inapita ukutani mpaka kitandani kwangu, na mimi naamka saa kumi na moja alfajiri. Sidhani kama huku kwako inajulikana."

"Lakini mimi siweki juu."

"Nakuamini. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kesho ukipata dakika tano, uache unapiga kama kawaida, halafu uje usikilize ukiwa chumbani kwangu."

Angalia kilichofanyika. Hakuna neno "wewe kila siku". Hakuna "watu wote wanalalamika", maneno yanayomfanya mtu ajione amesengenywa. Kuna kitu kinachopita ukutani, na watu wawili wanaokitazama.

Mwaliko wa kuja kusikiliza ndio ninaouamini kuliko mbinu nyingine zote za kelele. Jirani akisimama chumbani kwako na kusikia dunda-dunda lake mwenyewe, mabishano ya "siweki juu" yanaisha. Baada ya hapo mbadilishane: wewe ukae kwako, yeye akapunguze polepole mkiwa kwenye simu, mpaka useme "hapo hapo". Kiwango hicho akitie alama, hata kwa kipande cha plasta kwenye kitufe. Kuanzia siku hiyo mna kipimo mlichokubaliana, na hakuna haja ya kubishana tena juu ya nini ni kelele.

Ondoka na jambo moja mlilokubaliana, lenye saa au siku: "Ijumaa na Jumamosi mpaka saa nne usiku, siku nyingine mpaka saa tatu." Kisha mpe namba yako ya simu na umwombe na yeye akuambie ukimsumbua. Mtu mwenye namba yako hutuma ujumbe. Asiye nayo hugonga ukuta.

Akikujibu vibaya, jibu lako liwe limeandaliwa: "Sawa, nimekusikia. Tutaongea siku nyingine." Geuka, ondoka, andika kwenye daftari. Usimalizie na neno la kuchoma, hata kama limekujia zuri sana.

Kabla ya hatua ya 5: majibu ya watu wengi, na yanavyowarudi

Kuna njia ambazo karibu kila mtu huzijaribu, kwa hiyo tuzitazame moja kwa moja.

Kununa. Mtu ananyamaza miezi minne, hasalimii, anafunga mlango kwa kishindo, halafu siku moja analipuka kwa jambo la takataka. Jirani anashangaa, maana kwake ugomvi umeanza leo. Ukimya huo mahali pengine una madhara ya kisheria pia, kwa sababu kuna nchi ambako kuvumilia kwa miaka mingi kunaweza kumpa jirani haki aliyokuwa hana, hasa kwenye njia na mipaka.

Vijembe. Kuweka mafumbo kwenye status, au kurusha neno kwenye kundi la mtaa bila kumtaja mtu. Kila mtu anajua ni nani, na yeye anajua kwamba kila mtu anajua. Umempokonya nafasi ya kurekebisha bila kuaibika, na mtu aliyeaibishwa mbele za watu hatapunguza besi, ataongeza. Kumtaja jina mtandaoni ni hatari zaidi, maana unaweza kushtakiwa kwa kashfa na ukawa wewe ndiye unayelipa.

Kulipiza. Davey na masinia yake tumemwona. Kuna kisa kingine cha mwaka 1936, pia Uingereza: mfugaji wa mbweha wa manyoya ya thamani alikuwa na jirani aliyetaka kuuza viwanja vya kujenga nyumba, na kibao cha shamba la mbweha kilimuudhi. Jirani akahakikisha bunduki inafyatuliwa karibu na mabanda ya mbweha kipindi chao cha kuzaa, akijitetea kwamba yuko ndani ya ardhi yake mwenyewe. Alishindwa. "Niko kwangu" haikumsaidia kwa sababu nia ilikuwa kuharibu cha mwenzake. Kumbuka hilo kabla ya kununua spika kubwa kuliko ya jirani.

Polisi kwanza. Kwa vitisho, ndiyo, mara moja. Kwa muziki wa mara ya kwanza, hapana. Askari akifika saa saba usiku mlangoni mwa mtu ambaye hajawahi hata kuambiwa, huyo jirani atakumbuka miaka kumi, na mtakuwa bado mnachangia ukuta.

Hatua ya 5: Andika

Mlango ukishindikana mara mbili, andika ujumbe au barua. Fupi, isiyozidi ukurasa, isiyo na kitisho. Taja mlichozungumza na lini, kilichotokea baada ya hapo kwa tarehe mbili tatu kutoka kwenye daftari, unachoomba, na muda unaoona unatosha. Kitu kama hiki:

*Ndugu jirani, salaam. Tulizungumza tarehe 6 kuhusu muziki, tukakubaliana saa tatu usiku siku za kazi. Nashukuru wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Tarehe 15, 17 na 18 uliendelea mpaka baada ya saa sita. Naomba turudi kwenye makubaliano yetu kuanzia wiki hii. Kama saa tatu haikufai, niambie tutafute nyingine. Nisipopata jibu ndani ya siku kumi, nitamwomba mwenye nyumba atukutanishe.*

Shukrani ya wiki ya kwanza iache ibaki. Inaonyesha kwamba unasema kweli hata pale isipokufaa. Hifadhi nakala, na barua ya karatasi ipige picha kabla ya kuitoa. Usibandike mlangoni ambako wapita njia wataisoma.

Hatua ya 6: Mtu wa tatu

Kama ni mpangaji mwenzako, anza na mwenye nyumba au msimamizi wa jengo. Mikataba mingi ya upangaji ina kipengele cha kutosumbua wengine. Kama ni nyumba zinazomilikiwa, kiongozi wa mtaa au mzee anayeheshimiwa na pande zote, si rafiki yako. Na penye huduma ya usuluhishi, itumie. Huduma hizi si jambo geni: San Francisco ilianza kuwa na wasuluhishi wa kujitolea wa mitaani mwaka 1976, na Singapore ilifungua kituo cha usuluhishi wa kijamii mwaka 1998, kabla ya kuongeza baraza maalumu la migogoro ya majirani mwaka 2015.

Msuluhishi hatoi hukumu. Anawauliza kila mmoja anataka nini, na mara nyingi hapo ndipo linaibuka jambo lililo nyuma ya jambo. Anayelalamikia majani ya mti kumbe anaogopa tawi litaangukia chumba cha watoto. Anayepiga muziki usiku kumbe amekasirika tangu uliposema neno mbele ya mgeni wake. Kabla ya kwenda, andika vitu viwili: usichoweza kuishi nacho, na unachoweza kumwachia. Ukiwa huna cha kumwachia, kikao kitakuwa kifupi.

Mkikubaliana, yaandikwe: nani atafanya nini, lini, na likivunjwa mtaambiana vipi. Makubaliano yakiteleza mara moja, tuma ujumbe mmoja wa kukumbusha, usirudi kwenye kesi yote upya.

Hatua ya 7: Mamlaka na mahakama

Fuata ofisi inayohusika na kero yenyewe: mazingira au afya kwa kelele, moshi na maji machafu, ardhi kwa mpaka, mifugo kwa wanyama, polisi kwa jinai. Peleka daftari, nakala za barua na majina ya mashahidi waliokubali kutajwa. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Bila namba, ukirudi mara ya pili utaanza upya.

Mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mtu kuendelea na kero, na wakati mwingine fidia. Lakini hesabu mapema. Kesi za mpaka zina sifa mbaya ya kula pesa kuliko thamani ya kile kipande cha ardhi. Na malalamiko rasmi huacha alama: Uingereza, kwa mfano, anayeuza nyumba huulizwa kwenye fomu kama kumewahi kuwa na mgogoro na majirani, na akidanganya mnunuzi anaweza kumdai. Sisemi usiende. Ninasema nenda ukijua unanunua nini.

Vitisho

Mtu akisema atakuumiza, akakuzuia njia, akakufuata, akakuharibia mali au akaonyesha silaha, mazungumzo yameisha. Usimfungulie mlango. Usimjibu ujumbe wake, na usiufute. Picha ya skrini pekee haitoshi, acha ujumbe wenyewe kwenye simu. Ripoti polisi siku hiyohiyo, ukiyasema maneno yake yalivyo, bila kuyapunguza kwa aibu wala kuyatia chumvi. "Alisema nitajuta" na "alisema atanichoma moto ninalala" ni vitu viwili tofauti mbele ya askari.

Waambie watu watatu au wanne: familia, mtu kazini, jirani mwingine unayemwamini. Usiwaambie ili wakutetee, bali ili wajue ukichelewa kurudi. Watoto wapewe maelekezo mafupi: wasichukue kitu kwake, wasimjibu, waje nyumbani. Ulizia amri ya mahakama ya kumzuia asikukaribie, ambayo nchi nyingi zinayo kwa jina moja au jingine. Na kama usiku fulani roho inakukataza kulala pale, nenda kalale kwingine. Mlango na ugomvi vitakuwepo asubuhi.

Jirani anayeona yasiyokuwepo

Kuna kesi ambayo miongozo mingi huipita. Jirani, mara nyingi anayeishi peke yake, anakutuhumu kwamba unampulizia sumu kupitia dirishani, au una mashine inayounguruma usiku wakati nyumbani kwako kimya kabisa. Huenda ni ugonjwa wa akili, huenda ni uzee unaopoteza kumbukumbu. Usibishane naye juu ya mashine, na usimfanyie mzaha kwa kusema "ndiyo, ninayo". Sema kwa upole kwamba huna, na kwamba unaona jambo hilo linamtesa. Mtafute ndugu yake. Akikosekana, ofisi ya ustawi wa jamii. Daftari lako liendelee, kwa sababu tuhuma zake zinaweza kufika kwa mtu asiyemjua.

Si kila mgonjwa ni hatari, na wengi wao hawamdhuru mtu yeyote. Lakini tishio likitoka, linabaki kuwa tishio, na sehemu iliyotangulia inahusika.

Ukiwa wewe ndiye unayelalamikiwa

Hapa watu wazima hugeuka watoto. Jirani amekuja, amesimama mlangoni, na neno la kwanza linalokujia ni "mbona wewe juzi...". Limeze. Muulize saa ngapi, sauti ya aina gani, akiwa chumba gani. Mshukuru kwa kuja kwako badala ya kwenda kwa mwenye nyumba, maana kweli amekufanyia hisani. Usikubali wala kukataa papo hapo. Sema utaangalia na utamjibu kesho. Kesho mjibu, hata kama jibu ni kwamba hujaona cha kubadilisha ila watoto utawavalisha soksi usiku.

Kama unaona lalamiko halina msingi, bado nenda kasikilize upande wake. Ukuta wako umeuona upande mmoja tu.

Kuhama

Kuhama si kushindwa. Ukiwa mpangaji, na hatua zote zimepita, na unalala kwa dawa, linganisha gharama ya kuhama na ya mwaka mwingine wa hali hiyo. Mpangaji anaweza kuwa na haki ya kuvunja mkataba mapema endapo mwenye nyumba alijulishwa kwa maandishi na hakufanya kitu. Barua zako za hatua ya 5 na 6 zinakuja kufaa hapo.

Nyumba mpya ione mara mbili: mchana, na tena Ijumaa au Jumamosi usiku. Simama chumba cha kulala dakika chache bila kuongea. Weka kiganja kwenye ukuta wa pamoja. Besi utaihisi hata kabla hujaisikia. Uliza aliyekaa hapo kabla aliondoka kwa nini, na swali hilo muulize mtu wa mlango wa pili, si dalali.